Mashavu Niliyomwongezea Dada

Mwaka wa mwisho chuoni tulitakiwa kutengeneza ujumbe. Si kuandika insha juu ya ujumbe, kazi ambayo ningeifanya hata nikiwa na malaria, bali kuutengeneza wenyewe kwa kompyuta: picha, sauti na maneno machache, kwa ajili ya watu fulani wa mahali fulani. Kisha tuwapelekee watu hao, tuone wanaupokeaje, turudi na ripoti. Wenzangu walichagua mambo ya kistaarabu, kama kuvuka barabara na kupiga mswaki. Mimi nilitoka Kagera, na nilipenda darasa lijue kwamba nimetoka mahali pazito. Nikachagua UKIMWI.

Nikachagua na kisiwa, Bumbire, kwa sababu dada yangu alikuwa akinunua dagaa huko na kuwauza Muleba mjini. Nilidhani hilo lingenirahisishia kazi. Alikuwa amenitangulia kwa miaka sita, mjane wa mwaka wa pili, na ndiye aliyenilipia nauli ya kwenda chuoni kila muhula. Mume wake alikuwa dereva wa lori. Alikonda, akakohoa, akazikwa, na nyumbani kwetu Kashozi ikasemwa kwamba ni kifua. Miaka ile watu wengi walikufa kwa kifua.

Kabla sijaendelea, nieleze habari ya picha, maana ndipo nilipoharibu.

Vita vya Kagera vilipoanza nilikuwa bado sijaanza shule. Baba alikuwa amekwenda upande wa Kyaka kufuatilia ng'ombe wake wawili, na hakurudi. Wala ng'ombe hawakurudi. Baadaye ilisomwa misa bila mwili na bila picha, kwa sababu baba hakuwahi kupigwa picha, na mbele ya waombolezaji shangazi alibeba kofia yake. Nakumbuka kofia ile ikipita kati ya migomba, imeshikwa kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. Mama aliapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayeondoka nyumbani kwake bila uso.

Ugonjwa ulipokuja, kiapo cha mama kikawa desturi ya watu wote. Picha kubwa yenye fremu nyeusi ilibebwa mbele ya jeneza, ikasimamishwa kaburini, kisha ikarudi kutundikwa sebuleni. Na kwa kuwa ugonjwa ulikula nyama ya uso kwanza, watu walijifunza kuwahi. Mtu akianza kuona mkanda unazidi kiuno, alivaa shati zuri, akaenda studio moja ya Miembeni, Bukoba mjini, akapigwa picha. Mpiga picha hakuuliza ni ya nini. Nasi tuliomwona mtu akitoka pale na shati zuri siku ya kazi, hatukuuliza pia. Tulihesabu miezi kimoyomoyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba picha mbele ya majeneza matatu kabla sijafika kidato cha pili. Kumbuka hilo, maana sina kisingizio.

Likizo ile nilifika nyumbani na kamera ya idara, mashine nzito iliyohifadhi picha kwenye diski za mraba, zile zilizoenea mfuko wa shati. Dada alikuwa amekuja kumsalimia mama.

"Nisimame wapi, msomi?"

"Hapo mlangoni, penye mwanga."

"Nicheke?"

"Kidogo."

"Cheko la kuuzia dagaa au cheko la kanisani?"

"Dada, simama tu."

Alisimama, nikapiga. Kisha nikatoa kinasa sauti na kumpa karatasi yenye maneno yake. Aliyasoma kimya, midomo ikicheza.

"Mimi nimepima. Wewe je?" alisema. "Nimepima lini?"

"Ni mfano tu. Kama tangazo la sabuni. Yule mama wa kwenye tangazo hafui kwa sabuni ile."

"Na wewe umepima?"

"Mimi ndiye msanifu."

Alinitazama kama anavyomtazama mvuvi anayeapa kwamba dagaa wamekauka. Lakini aliyasema maneno yale kwenye kinasa, mara mbili, kwa sauti nzuri.

Chuoni nilipoifungua picha kwenye kompyuta, nikaona kitu ambacho mlangoni sikukiona, au nilikiona nikakiacha. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Juu ya mifupa ya mabega kulikuwa na mashimo mawili ambayo ungeweza kuweka yai. Nilijiambia ni mwanga. Mwanga wa mlangoni, nilisema, hutoka upande mmoja na kudanganya. Nikakaa na programu ya kurekebisha picha jioni tatu mfululizo, nikamwongezea dada mashavu. Nilichota ngozi ya paji la uso nikaihamishia chini ya macho. Nilijaza yale mashimo. Nilifanya kwa uangalifu mkubwa kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya kwa kompyuta, na muda wote huo mikono yangu ilikuwa ya baridi. Mhadhiri alipita nyuma yangu akasema ngozi imekaa vizuri.

Kisha nikamalizia usanifu kama tulivyofundishwa. Tulifundishwa kwamba uso uwekwe katikati, uzungukwe na nafasi tupu ya rangi moja, ili jicho lisipotee. Nikaweka nafasi nyeusi, pana, pande zote nne. Tulifundishwa kwamba ukimya huvuta umakini. Nikaanza na ukimya. Tulifundishwa kwamba muziki usishindane na maneno. Nikatafuta kwaya inayoimba kwa kufumba midomo. Chini ya picha nikaandika kwa herufi nyeupe: Dada yetu wa Bumbire. Kila kitu nilikitolea hoja katika ripoti, na hoja zote zilikuwa sahihi.

Nilirudi wiki ya mbalamwezi, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawana kazi. Nilivuka na mtumbwi wa injini kutoka bara, kanda ya video niliyohamishia kazi yangu nimeifunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki, nayo mifuko nimeiweka ndani ya shati, nikiogopa maji kuliko kuzama. Dada alikuwa bara, Muleba, akiuza mzigo wa wiki iliyopita.

Kisiwani palikuwa na banda moja la video, la mabati, lenye jenereta, ambamo wavuvi walitazama filamu za kupigana kila alasiri. Mwenye banda alikubali kunipa dakika kumi kabla ya filamu.

"Ni ya mapigano?" aliuliza.

"Ni ya afya."

"Basi dakika tano."

Banda lilijaa. Wengi walikuwa watu wa kuja, kutoka Ukerewe, Musoma na Mwanza, wakicheka, wakitafuna miwa, wakinitania.

"Daktari, leo tunachomwa sindano?"

"Yule si daktari, viatu vyake ni vya mwalimu."

Nilisimama pembeni ya televisheni na daftari langu, tayari kuandika watakavyofanya. Kioo kikawa cheusi. Ukimya. Kwaya ikaanza kuguna kwa mbali. Kisha uso wa dada ukatokea katikati ya weusi, mnene, laini, ukitabasamu, na chini yake maneno meupe.

Walisimama.

Walisimama wote pamoja, kama wanavyosimama watu jeneza likipita. Kofia zilivuliwa. Mtu aliyekuwa na kipande cha muwa mdomoni alikitoa akakificha nyuma ya mgongo. Sauti ya dada ilisema amepima, lakini hakuna aliyeisikia, kwa sababu mama mmoja aliyewapikia wavuvi, ambaye dada alilala kwake kila alipovuka, alikuwa ameshaweka mikono kichwani na kupiga yowe.

"Lini?" mzee mmoja aliniuliza kwa upole. "Amefariki lini?"

"Hajafa," nilisema. "Ni tangazo."

"Ndiyo, tumeliona tangazo. Mnazika lini?"

"Mzee, dada yangu ni mzima!"

Alinishika bega. "Kijana, usijikaze. Lia."

Mwenye banda alizima jenereta, kwa heshima. Nje nilijaribu kueleza, nikazungumza juu ya rangi na umakini wa jicho, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunionea huruma. Mama yule wa chakula peke yake ndiye aliyenielewa, na alipoelewa alikasirika.

"Kama ni mzima, kwa nini umemweka hivyo? Wewe kwenu hamzikani?"

Na wakati natafuta jibu niliona mtumbwi wa kubebea samaki ukitoka ufukweni kwenda bara, mkiani amekaa mtu ambaye dakika chache kabla alikuwa ndani ya banda. Nilikimbia hadi maji yakanifika magotini, nikapiga kelele. Alinipungia mkono, akaonyesha kifua chake na kuinamisha kichwa. Alikuwa ananipa pole.

Mtumbwi mwingine uliondoka kesho yake asubuhi. Miaka ile simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuingia kwa wafanyabiashara wa samaki wa bara. Kisiwani hazikuwepo. Kwa hiyo ujumbe wangu ulivuka ziwa kabla yangu, ukapanda simu, ukaenda Muleba, ukaenda Bukoba, na mimi mtengenezaji nikabaki mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, nikitazama maji.

Nilipofika bara, mchukuzi wa mizigo aliyemjua dada alinipokea mkoba.

"Pole sana, waitu, ndugu yangu. Tumesikia alianguka sokoni."

"Nani aliyeanguka?"

"Dada yako. Jana, akiwa na ndoo yake ya dagaa. Wanasema hakusema neno."

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba habari ile nimeitunga mimi. Sikusema. Kuanguka sokoni sikukutunga mimi, wala ndoo. Mbele kidogo mwanamke wa mgahawa alinipa pole na kusema amesikia mwili umeshapelekwa Kashozi. Ndani ya gari la kwenda Bukoba abiria mmoja alisema kwamba marehemu alikuwa amedhoofu tangu Pasaka, na kwamba mumewe naye alienda hivyohivyo. Kila kituo kilikuwa na jambo jipya, na kila jambo liliwezekana. Nilianza kufikiri kwamba huenda habari mbili zimekutana njiani: ya uongo iliyotoka kisiwani na ya kweli iliyotoka Muleba, na kwamba nilikuwa nimemweka kwenye fremu saa ileile alipokuwa anaanguka. Niliona yale mashimo mawili juu ya mabega. Nilijua kilichokuwa chini ya mashavu yale, kwa sababu ni mimi niliyekifunika. Tulipopita Muhutwe nilikuwa nalia waziwazi, na mtu mzima aliyekaa jirani yangu alinipa leso. Nilipewa rambirambi kwa habari niliyoianzisha mwenyewe, nikazipokea.

Nyumbani niliona moshi kutoka mbali. Wanaume walikuwa wamekaa uani kuzunguka moto, majani mabichi ya migomba yamekatwa, benchi za kanisa zimeshaletwa. Nilisimama kwenye kibanja, shamba letu la nyumbani, kati ya mibuni, nikashika mti mmoja. Nilikaa pale muda mrefu kwa sababu nilijua kwamba nikipiga hatua nyingine kumi nitajua.

Nikasikia sauti ya dada.

"Na hizi benchi nani atazirudisha? Mimi marehemu?"

Alikuwa amekaa mlangoni, palepale nilipompigia picha, sahani ya ndizi na maharage mapajani. Alikuwa ameletewa habari za kifo chake asubuhi sokoni, na mteja wake, akapanda gari kuja kumtuliza mama. Alipoingia uani wanawake wawili walikimbia. Sasa watu walikuwa wanakula chakula cha msiba kwa aibu, kwa sababu kilikuwa kimeshapikwa. Mama alikuwa chumbani, hataki kuona mtu.

"Msomi," dada alisema aliponiona. "Umechelewa mazishi."

Watu walicheka. Mimi nilijaribu kucheka nikashindwa. Jirani mmoja alitaka kujua kama chuo hufundisha kuua ndugu kuanzia mwaka wa kwanza au husubiri wa tatu. Dada alimjibu kwamba huanza na dada, shemeji huwa wa shahada ya pili. Alitania hivyo mpaka mtu wa mwisho alipoaga na benchi ya mwisho ikabebwa.

Tulipobaki wawili aliweka sahani chini.

"Watu wote hawa," alisema, "hakuna hata mmoja aliyeuliza nimekufa kwa nini."

Niliisogeza sahani ukutani.

"Umesikia? Mtu wa miaka thelathini anaambiwa amekufa ghafla, na kijiji kizima kinaleta benchi. Hakuna aliyesema haiwezekani. Na mama hakusema." Alinitazama. "Wewe huko njiani, uliamini?"

"Niliamini."

"Naam." Akajifuta mikono kwa kanga. "Nionyeshe hiyo picha."

Hapakuwa na kompyuta, lakini nilikuwa nimeichapisha moja kwa ajili ya ripoti. Aliishika karibu na mwanga.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Haya mashavu nimeyatoa wapi?"

Alipapasa shavu lake kwa vidole, kisha lile la kwenye karatasi. Hakuna mtu aliyewahi kuniona uchi namna ile.

"Kumbe uliona," alisema. "Uliona mapema kuliko wote, ukapaka rangi." Akanirudishia. "Nimekwisha sema kwenye kile kinasa chako kwamba nimepima. Kesho twende nikapime. Na wewe unakwenda."

Tulikwenda kwenye kituo kimoja upande wa Muleba, mbali na macho ya Kashozi. Siku hizo pale walichukua damu leo na majibu ukayafuata baada ya wiki mbili. Hawakuandika jina, walikupa kadi yenye namba. Tulirudi kila mmoja na kadi yake. Wiki ya pili haijaisha nikamwambia mama kwamba mhadhiri ananiita haraka kwa ajili ya ripoti. Mhadhiri hakuniita. Nilipanda meli ya Mwanza kadi ikiwa ndani ya kiatu, na Mwanza kulipokucha nilijisikia kama mtu aliyetoroka jela, na aliyeacha mwenzake ndani.

Ripoti niliiandika. Katika sehemu ya matokeo niliandika kwamba watazamaji wote walisimama. Jopo lilivutiwa sana na hilo. Mmoja wao alisema hajawahi kusikia tangazo la afya likipokelewa hivyo, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Walinipa alama ya juu kabisa niliyopata chuoni.

Dada alinipigia kupitia simu ya ofisi ya bweni.

"Yangu nimechukua," alisema. "Yako wamekataa kunipa. Wanataka mwenye kadi."

"Na yako inasemaje?"

"Chukua yako kwanza."

"Dada, niambie."

"Sikuambii. Mimi niliingia peke yangu chumba kile. Na wewe utaingia. Ukitoka, njoo tuzungumze kama watu wawili waliopima."

Nilikaa na hofu hiyo miezi minne, na ilikuwa hofu ya pande mbili. Asubuhi nilimwogopea yeye, mchana nilijiogopea mimi, kisha nilijichukia kwa kuona kwamba ya mchana ilikuwa kubwa zaidi. Nilikuwa na sababu zangu, kama kijana yeyote wa chuo. Kila mafua niliyahesabu. Nilipima mkono wangu kwa kuuzungushia vidole, asubuhi na jioni. Mara mbili nilifungua picha ya dada kwenye kompyuta, ile ya asili, nikaifunga haraka.

Nilirudi baada ya mahafali, bado na suti. Kwenye benchi ya kituo kile nilisahau namba yangu, ingawa kadi nilikuwa nimeishika mkononi. Muuguzi aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima, akatafuta daftarini muda mrefu.

"Hii ni ya zamani," alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Masomoni."

"Ulikuwa ukisoma nini?"

"Mawasiliano."

Hakutabasamu. Alizungumza kwanza mambo mengi ambayo siyakumbuki, kisha akaniambia sina virusi. Nilimwomba arudie. Nje niliegemea ukuta nikatapika chai.

Dada alikuwa sokoni Muleba, anachambua dagaa kwenye turubai. Nilimwonyesha karatasi. Aliisoma mara mbili, akafumba macho, akasema, "Mungu, asante," kwa sauti, mbele ya wateja. Niliona furaha yake, na ilikuwa furaha kweli, na ndiyo iliyonitisha, kwa sababu hakusema "na mimi".

Aliendelea kuchambua. Mchanga huku, dagaa huku.

"Ile picha ya mashavu unayo bado?"

"Ninayo."

"Itunze vizuri. Usiipunguze. Nataka hiyohiyo." Kisha, ili nisije nikajidanganya tena kwa habari za mwanga, akasema waziwazi: "Mimi ninavyo virusi, mdogo wangu. Mama asijue sasa."

Nilikaa chini kwenye turubai na suti yangu ya mahafali nikachambua naye dagaa mpaka soko likafungwa.

Miaka ilipita ambayo sitaki kuieleza. Mama alikuja kujua. Mara moja dada alikonda hadi fundi wa fremu akaulizwa vipimo. Dawa zilipofika mkoani alikuwa katika foleni za mwanzo, amebebwa na mchukuzi yule yule aliyewahi kunipa pole. Leo anauza dagaa kwa jumla, na mashavu yake yamezidi yale niliyomchorea. Watoto wangu wanapomwona wanadhani alizaliwa hivyo.

Lakini picha ipo. Ilianza kwenye diski ya mraba, ikahamia kwenye CD, kisha kwenye vidude viwili vya kuchomeka, kwa sababu kimoja sikukiamini. Kila ninapobadili kompyuta huihamisha hiyo kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya maandishi yanayonilisha, na nikisubiri ifunguke huwa napata ubaridi ule ule wa mikono. Naogopa siku itakapokataa kufunguka. Naogopa zaidi siku nitakayoihitaji.

Yeye hupiga simu mara moja moja, katikati ya mambo mengine, baada ya bei ya dagaa na habari za kibanja.

"Ile yangu ipo?"

"Ipo, dada."

"Basi usiiguse."